Nafasi ya Alto kwenye Benchi la Pili

Saa kumi na dakika ishirini za alasiri, siku ya Jumamosi, Papa Kasereka, kiongozi wa kwaya yetu, alilaza sikio lake kwenye jante, chuma cha gurudumu la lori kilichotundikwa kwenye mkaratusi nje ya kanisa letu, akaigonga kwa ukucha wa kidole. Mara moja tu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa. Kisha akaingia ndani mdomo umefumbwa, akiileta ile noti kwa uangalifu, kama mtu anayebeba maji katika viganja. Kwaya ilipaswa kuanza saa kumi kamili, na yeye hakuwa mtu wa kuchelewa. Zile dakika ishirini tulikuwa tunamngoja mama yangu. Nafasi yake kwenye benchi la pili, kati ya Mama Kahambu na ukuta, ilikuwa wazi.

Yamenirudia wiki hii kwa sababu ya mafuta. Nilifungua chupa ya mawese mapya yaliyotoka upande wa Beni, nikayaweka jikoni, na yalipoanza kupata moto ile harufu ya moshi na tunda ilipanda. Mkono wangu ukabaki hewani na kijiko. Ninyi mliokulia Butembo siku zile mnaijua harufu hiyo. Mji wetu ni wa baridi, michikichi haipendi kuota huku juu, na mafuta mekundu yalikuwa yanakuja na mama zetu. Mama yangu alikuwa anashuka na sabuni na chumvi kutoka kwa wauzaji wa jumla wa Butembo, anapita Beni, anafika Mbau, anauza, anarudi na bidoni, yale madumu ya plastiki, za mawese. Ijumaa jioni alikuwa nyumbani siku zote. Jumamosi alikuwa kwenye benchi la pili, mikono bado inanukia mafuta, anaimba alto, ile sauti ya chini ya wanawake.

Wakati ule neno alto lilikuwa haliniambii kitu. Nilijua tu kwamba mama yangu alikuwa anakosea wimbo.

Naomba mnielewe vizuri. Kwaya yetu ilikuwa na watu zaidi ya ishirini, na mimi nilikuwa nakaa kwenye ngazi ya mlango, kwa sababu watoto hawakuruhusiwa ndani wakati wa mazoezi. Nilijua nyimbo zote. Kwangu wimbo ulikuwa kitu kimoja, kama barabara ni moja, na watu wote wanapaswa kuipita pamoja. Wale akina mama wa benchi la mbele waliipita vizuri. Lakini mama yangu, ambaye sauti yake ningeitambua hata sokoni siku ya soko kubwa, alikuwa anashuka pale wenzake wanapopanda, na pale wenzake wanapotembea yeye alisimama juu ya noti moja kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi. Niliona haya kwa niaba yake. Nilidhani Papa Kasereka anamvumilia kwa kuwa mama alikuwa mkubwa wake kwa umri, na kwa kuwa alikuwa anamletea chupa ya mawese kila mwezi.

Kwa hiyo niliamua kumfundisha. Ilikuwa siku ya kuchambua maharage, tumekaa uani, ungo katikati yetu. Alikuwa anaimba polepole wimbo wa sikukuu ya mavuno, ule ambao kwaya ilikuwa inauandaa.

"Mama, haiko vile," nikamwambia. "Unashukaka pahali benzako banapanda."

"Eh? Basi imba weye, nisikie."

Nikaimba. Alinisikiliza kwa makini sana, ametulia na maharage mkononi. Nilipomaliza akaitikia kwa kichwa, akashukuru, akaimba tena vilevile kama mwanzo.

"Umeona? Umepotea tena."

"Nimepotea wapi?"

"Palepale."

Akacheka mpaka ungo ukatikisika. "Masika wangu," akasema, "mutu akipotea kila siku kwa njia moja, ile haiko kupotea. Ile ni njia."

Sikukubali. Mwalimu hakati tamaa. Miezi ile nilimsahihisha kwenye maharage, kwenye kufua, kwenye kutwanga sombe, yale majani ya muhogo, mpaka nikayajua makosa yake yote, ubeti kwa ubeti. Niliyajua kiasi kwamba nilikuwa namwonya kabla hajafika: "Angalia, pale mbele utashuka." Naye alikuwa anashuka, akinitazama kwa jicho la kucheza.

Vita vilikuwepo, lakini kwa mtoto vita ni mambo yaliyokatazwa. Kwa upande wetu kilichokatazwa kwanza ni ngoma. Wanajeshi walikuwa wamelala katika shule iliyo chini ya kanisa, na mkubwa wao alisema kwamba ngoma na chuma vinapeleka habari porini. Basi ngoma ikafunikwa na gunia nyuma ya mimbari, na jante ikawa inagongwa kwa ukucha, sikio karibu, ili Papa Kasereka apate noti yake ya kuanzia bila mtu mwingine kusikia. Na kwaya ikaogopa, ikashusha sauti yenyewe. Mwanajeshi mmoja kijana, aliyekuwa anapenda kuegemea dirisha, alilalamika siku moja. "Bayembi," akawaambia, kwa lile neno la Kilingala la waimbaji, "sisi tulikatazaka ngoma. Hatukukatazaka nyimbo." Waliendelea kuimba chini chini, mara nyingine midomo imefumbwa kabisa, na kanisa likawa kama mzinga wa nyuki wakati wa baridi.

Ni hapo ndipo nilipoanza kusikia, ingawa sikujua kama ninajifunza kitu. Ngoma ilikuwa imenifunika masikio. Ilipoondoka nilingoja wimbo uanguke, haukuanguka. Mapigo yalikuwa bado yapo. Nikayatafuta, nikayapata katika kisigino cha Papa Kasereka, katika kidevu cha Mama Kahambu, katika benchi lililokuwa linalia kidogo kila walipovuta pumzi pamoja. Nyumbani nikayapata kwenye kinu. Mama na jirani walipotwanga sombe kwa michi miwili, kulikuwa na pigo la mmoja, pigo la mwingine, na kati yao nafasi ndogo isiyo na sauti ambayo wote wawili waliiheshimu. Yule ambaye angeipuuza angevunjika kidole.

Miaka mingi baadaye nilinunua kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada, kwenye meza ya mtu anayeuza vitabu vya zamani karibu na soko. Kilisema kwamba anayesikiliza muziki asijaribu kushika vyote kwa pamoja. Ashike mapigo kwanza, halafu njia ya sauti, halafu sauti zinazokaa chini ya njia hiyo, halafu rangi ya kila koo. Nilisoma nimesimama, nikatabasamu. Vita vilikuwa vimenifundisha kwa mpangilio uleule, vikiniondolea kimoja baada ya kingine.

Jumamosi ile ya saa kumi na dakika ishirini, Papa Kasereka aliamua kuanza bila mama. Ubeti wa kwanza haukufika mwisho. Akanyoosha mkono, wakanyamaza.

"Baalto," akasema, "muko wapi?"

Mama yangu hakuwa alto peke yake. Walikuwa watatu: yeye, Mama Kahambu, na binti mmoja mwenye haya aliyekuwa anaimba akitazama viatu vyake. Lakini hao wawili, bila mama, walikuwa wamepanda taratibu, noti kwa noti, mpaka wakajikuta wanaimba pamoja na benchi la mbele.

"Tuko hapa, Papa," Mama Kahambu akajibu. "Lakini mwenye tunafwataka ndio iko Mbau."

Watu wakacheka. Halafu kicheko kikakatika, chote kwa mara moja.

Mimi kwenye ngazi nilikuwa nimeshangaa kwa sababu nyingine. Wimbo ulikuwa umesahihishwa. Kila mwanamke sasa alikuwa anaimba ule wimbo wa kweli, kama nilivyotaka siku zote, na haukunipendeza. Ulikuwa mwembamba. Baba yangu alikuwa seremala, na nilikuwa nimeona meza zake kabla hajapigilia ule ubao wa chini unaoshika miguu, ubao ambao mnunuzi haulizi habari zake. Ukiisukuma meza kama hiyo inatikisika. Nilikaa pale nikisikiliza meza inatikisika, nikajua kwa mara ya kwanza, bila maneno, kwamba mama yangu hakuwa anakosea.

Baada ya siku chache habari zilifika. Kulikuwa na risasi Mbau, barabara ya Beni imekatika, watu wamekimbilia porini. Baba alihamisha kiti changu karibu na meza yake ya kazi, na tukawa tunakaa pale alasiri, yeye na randa yake, mimi na masikio yangu, tukisikiliza magari yanayopanda mlima. Kwa mtu mwingine lori ni lori. Mimi nilijifunza kwamba kila moja lina koo lake. Moja lilikuwa na kikohozi, moja lilikuwa linapiga mluzi, na lile ambalo mama alikuwa anapanda lilikuwa linashika pumzi kabla ya kubadili gia, halafu linaguna.

Siku lilipoguna nililitambua likiwa bado chini kabisa, nikakimbia. Lilibeba magodoro na watu nisiowajua. Dereva alishuka, akavua kofia, akamweleza baba kwamba risasi zilipoanza kila mtu alikimbia upande wake. Mara ya mwisho yeye dereva alimwona mama anaingia kwenye michikichi, bila mzigo. Alipiga honi muda mrefu. Mama hakutoka.

Jioni hiyo akina mama wa kanisa walikuja nyumbani, kitenge kimefungwa kiunoni, kuni kichwani. Hata mtoto anajua kuni hizo ni za nini. Watu hawapeleki kuni kwa mtu isipokuwa kuna usiku mrefu wa kulia. Baba aliwapokea, akawapa chai, akaziangalia zile kuni zilizowekwa chini ukutani.

"Bado," akasema.

Mama Kahambu akaanza kumwambia kwamba ni kusaidiana tu, kwamba Mungu anajua. Baba akarudia neno lake lilelile, kwa upole, na walipoondoka aliwabebea kuni zao mpaka barabarani.

Kwenye kwaya yetu kulikuwa na desturi ambayo sijaikuta kwingine. Nafasi ya mtu kwenye benchi ilikuwa yake. Akisafiri, akiugua, akikasirika na mchungaji miezi mitatu, wenzake wa kushoto na kulia waliacha upana wa mtu mmoja katikati yao, hata kama benchi lilikuwa limebanana upande wa pili. Walisogea tu alipohama mji, au alipozikwa. Kwa hiyo macho yangu yalikuwa hayamwangalii Papa Kasereka tena. Yalikuwa yanaangalia ule upana kati ya Mama Kahambu na ukuta, kuona kama umepungua.

Jumatano moja wimbo ulikwama tena palepale, na kutoka kwenye ngazi nikaanza kuimba makosa ya mama. Sikukusudia kusaidia. Nilitaka tu kuyasikia. Nilishuka pale alipokuwa anashuka, nikasimama pale alipokuwa anasimama, sauti ndogo, midomo karibu imefumbwa. Mama Kahambu aligeuza kichwa, akaishika sauti yangu kwa sikio lake kama mtu anavyoshika kamba, akashuka nayo. Yule binti akamfuata. Kisigino cha Papa Kasereka hakikusita, wimbo ukapita, ukafika mwisho kwa mara ya kwanza tangu mama aondoke.

"Kumbe mutoto anaijua," Mama Kahambu akasema. "Kuya, Masika, ikala hapa." Akapiga ubao kwa kiganja, pale pale kwenye nafasi ya mama.

Nilisimama. Nakumbuka baridi ya sakafu ya saruji chini ya mguu wangu mmoja uliokuwa umeshaingia ndani.

"Hapana," Papa Kasereka akasema. Hakupandisha sauti. "Mutoto abakie kwa ngazi. Ile nafasi iko na mwenyewe."

Nikarudi nje. Sijapata kupendwa vile na mtu aliyenifukuza.

Basi ikawa hivyo. Alto wawili kwenye benchi, mmoja kwenye ngazi, na kati yao mahali patupu. Jumamosi ya mwisho kabla ya sikukuu ya mavuno ukungu ulishuka mapema. Kutoka nilipokaa sikuuona mkaratusi, niliona tu kivuli cha jante kikining'inia hewani. Papa Kasereka aliigonga kwa ukucha, akaingia na noti yake. Walianza chini kabisa. Ubeti wa kwanza ulipita, wa pili ukapita. Nilikuwa nimefumba macho, kwa sababu nilikuwa nimegundua kwamba macho yakifumbwa sauti zinajipanga zenyewe: benchi la mbele juu kama paa, wanaume wa besi chini kama udongo, tenori wanapita kama upepo unaotafuta mlango. Na mimi katikati, kwenye njia ya mama, nashuka, nasimama, nashuka.

Katika ubeti wa mwisho sauti yangu ilinenepa.

Nasema kama nilivyosikia. Ilipata upana, ikapata joto, ikawa na mkwaruzo mdogo pembeni ambao haikuwa nao. Nilidhani nimekua. Nilidhani ndivyo inavyotokea kwa wasichana, kwamba siku moja katikati ya wimbo unapewa sauti ya mtu mzima, na nikafurahi, nikaisukuma mbele zaidi. Nilifungua macho ili Papa Kasereka anione. Alikuwa ananitazama, lakini juu kidogo ya kichwa changu. Uso wake ulikuwa umelowa wote, na mkono wake ulikuwa bado unapiga, sawasawa, haukuharakisha wala kuchelewa. Mama Kahambu alikuwa anaimba na machozi yanaingia mdomoni. Hakuna aliyeacha. Wimbo kwetu haukatwi. Hata mtu akifika na habari ya moto, anangoja mlangoni mpaka Amina.

Ndipo nikasikia harufu ya mawese, nyuma yangu, karibu sana.

Tulifika Amina. Papa Kasereka akashusha mkono, akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Mama Masika," akasema, "umechelewa."

"Njia ilikuwa murefu, Papa."

Nikageuka. Alikuwa mwembamba, kitenge kimechanika, amevaa ndala moja ya bluu na moja ya kijani, zote za mguu wa kushoto. Kwapani alikuwa na chupa ya mawese, imefungwa kwa jani la ndizi.

Alitusimulia jikoni, kabla giza halijaingia, huku nikimwosha miguu kwa maji ya moto. Mengi ya porini hakuyasema, si siku ile wala baadaye. Alisema alipofika Beni alilala kanisani pamoja na watu wa kila kijiji, Wakatoliki na Waprotestanti, na kwamba mama mmoja alimpa ndala na mwingine akampa ile chupa, akisema haiwezekani kurudi nyumbani mikono mitupu. Halafu alitembea. Sehemu aliyopenda kusimulia, na aliyoirudia mpaka uzeeni wake, ni ile ya mwisho.

"Nilifika kwa mukaratusi," akasema. "Nikasikia sauti yangu inaimba ndani, na mimi niko inje. Nikasimama. Nikasema, basi, bamekwisha kunilia. Benchi imepata mwingine."

"Na uliingia?" baba akauliza.

"Nilitaka kurudia. Mutu atarudia wapi? Nikachungulia juu ya kichwa ya huyu mwalimu wangu." Akaniminya bega kwa kidole cha mguu kilicholowa. "Nikaona ile nafasi. Iko vile niliiacha. Sasa nikaimba."

Mawese yalikuwa yameanza kupata moto kwenye sufuria. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, penseli ya useremala bado sikioni, na siku zote hizo hakuwa amemuuliza mtu yeyote habari za mali. Sasa akauliza, kama alivyokuwa anauliza kila Ijumaa, tumepoteza nini.

Mama alihesabu kwa vidole, polepole, mfanyabiashara tena: bidoni zote, sabuni iliyobaki, pesa ya chumvi.

"Na kingine?"

"Hapana kingine."

Baba akafumba mdomo kidogo, akaijumlisha ile hesabu, akaibeba ndani yake bila kuimwaga, halafu akaitoa kwa sauti ya chini, sawasawa, kama mtu anayewapa wenzake noti ya kuanzia: dola sabini na mbili.